Ukuta wetu wa Kigogo

Jioni moja ya Juni 2014 niliingia kwenye kikao cha baraza la wazee wa kanisa nikiwa na kompyuta, karatasi za mahojiano na ramani niliyoichora kwa mkono. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya udaktari katika uongozi wa Kikristo, upande wa mabadiliko ya miji na taasisi. Vipindi tulisomea Nairobi, wiki mbili kila muhula, kisha tukarudi makwetu na kazi: kila mmoja aichunguze taasisi anayoiongoza, inaishije na mtaa unaoizunguka, halafu aanzishe badiliko moja. Mimi nilichagua usharika wangu wa Kigogo, jirani na Bonde la Msimbazi.

Anayeijua Dar es Salaam haulizi kwa nini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao na shule za watoto. Baadhi walikuwa washarika wetu. Sisi tuliobaki tukajenga. Tulimwaga kifusi, lori baada ya lori, mpaka kiwanja kikainuka karibu mita moja, tukakizungushia ukuta wa tofali. Siku ya kuuzindua tuliimba hadi jua likazama. Mvua za Aprili 2014 zilipopiga, kanisani hakikuingia hata kikombe cha maji, nami nikamshukuru Mungu madhabahuni.

Nyuma ya kanisa anaishi mama mmoja mkaanga samaki. Nilipomfuata na maswali yangu ya utafiti alinionyesha alama ya tope sebuleni kwake, juu ya kiuno changu. "Zamani maji yalikuwa yanakatiza hapo kwenu yakienda zake mtoni," alisema. "Siku hizi yakifika ukutani yananirudia mimi." Hakuwa na hasira. Aliendelea kugeuza samaki wake, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilizungukia nyumba 8; 6 zikanieleza yaleyale.

Basi nikayapeleka barazani. Darasani tulikuwa tumefundishwa mawazo ya mwanasaikolojia Kurt Lewin, kwamba taasisi ni kama barafu: haikubali umbo jipya mpaka iyeyuke kwanza, ndipo igandishwe tena. Nikadhani ramani yangu ndiyo moto wenyewe. Nilitanguliza Nehemia sura ya 2, alivyozunguka usiku kuzikagua kuta za Yerusalemu bila kumwambia mtu. Nikaonyesha mishale ya maji, nikasoma maneno ya majirani, nikafunga kwa kutamka kwamba ukuta huu ni dhambi.

Kimya kikatanda. Mhazini akafunga daftari lake. Akainuka mzee mmoja, mwashi mstaafu, sote tukimwita Fundi. Ukuta ule aliusimamia yeye tangu msingi, na goti lake bovu, bila kudai senti.

"Mchungaji, umezunguka wiki tatu unauliza watu habari za ukuta nilioujenga. Kwangu unapajua. Mbona hukubisha hodi?"

Nikamjibu kwamba utafiti una taratibu zake. Jibu baya mno. Taratibu hizohizo zilinitaka niombe ridhaa ya kila ninayemchunguza. Majirani wote niliwapa fomu wakatia saini, wazee wangu sikuwapa hata taarifa. Moyoni nilikuwa nimeshawahukumu.

Fundi akanisogezea Biblia. "Umesoma sura ya pili. Endelea na ya tatu."

Sura ya 3 ni majina, fulani mwana wa fulani, na sikuwahi kuihubiri hata mara moja. Nikaisoma yote kwa sauti, wazee wakinisikiliza. Wafua dhahabu wamo, watengeneza marashi wamo, Shalumu yumo na binti zake. Tena na tena mtu anatajwa akijenga kuielekea nyumba yake mwenyewe. Nilipofika mwisho koo limenikauka.

"Nehemia alizunguka peke yake usiku, sawa," Fundi akasema. "Lakini baadaye alisema 'tujenge', na kila mtu akapewa kipande cha mbele ya mlango wake. Hebu lete hiyo ramani."

Tukaitandaza mezani chini ya taa. Mishale yangu miwili aliikataa papo hapo, kwa kuwa upande ule ardhi inalalia kinyume; aliipima mwenyewe kwa pima maji siku za kuweka msingi. Akaonyesha mahali pa kutoboa matundu chini ya ukuta, na njia ambayo mtaro ungepita ndani ya kiwanja chetu mpaka upande wa bonde. Mhazini akalifungua tena daftari. Saa tatu usiku tulikuwa bado tunabishana habari za mabomba ya saruji, na muhula uliofuata nilimwomba msimamizi wangu Nairobi niianze tasnifu upya, safari hii wazee wakiwa watafiti pamoja nami.

Usiku uleule, tukitoka, nilimwomba Fundi msamaha. Akanishika mkono. "Twende kwa huyo mama kabla hajazima jiko."

Alipiga hodi yeye. Mama akampa shikamoo, akamkaribisha ndani. Fundi akainama kwa shida, akaanza kuipima ile alama ya tope kwa shibiri zake, kutoka sakafuni kwenda juu, akihesabu kimoyomoyo. Alipofika juu akarudi chini, akaanza kuhesabu tena.