Mwongozo wa Git wa timu yetu: sura ya migongano

Wiki hii nimeingia kwenye sura niliyokuwa naiogopa. Kwa wasiofuatilia: naandika upya mwongozo wa Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kwa vijana wanaojiunga na timu yetu, na sharti ni moja, kila neno libaki na maana ileile mwanzo hadi mwisho.

Sehemu ya eneo la maandalizi nimeimaliza. Hapa ndipo mabadiliko hukaa kabla hujayafanya komiti (yaani kuyarekodi kwenye historia), na Git imelipatia majina matatu. Faili lake ni `.git/index`. `git rm` inadai `--cached`, `git restore` inadai `--staged`, na `git diff` inakubali yote mawili. Usidhani basi kwamba `--index` ni pacha wao: kwenye `git apply`, `--cached` hugusa eneo hilo peke yake, ilhali `--index` hugusa eneo hilo pamoja na mafaili ya folda unayofanyia kazi. Nimeliita "eneo la maandalizi" kila mahali, na majina mengine yanatokea ndani ya amri tu.

Sasa `--ours` ("yetu") na `--theirs` ("yao"), chaguo za kuamua ni upande upi ubaki pale mabadiliko mawili yanapogongana. Tuseme uko kwenye tawi (mstari wa kazi wa pembeni) la `malipo`, umeandika `git rebase main` ili kazi yako ikae juu ya tawi kuu, `main`, ukakuta hivi:

```
<<<<<<< HEAD
muda_wa_kusubiri = 30
=======
muda_wa_kusubiri = 60
>>>>>>> a41c9e2 (Ongeza muda)
```

Ile 60 umeiandika wewe. Mtu yeyote mwenye akili timamu atachagua `--ours` ili aibakize, na atapata 30. Sababu ni kwamba `rebase` huanza kwa kuhamia kwenye ncha ya `main`, kisha huchukua komiti zako moja moja na kuzipanga upya juu yake. Wakati mgongano unatokea, Git imesimama kwenye `main`, na pale iliposimama ndipo panapoitwa HEAD. Kazi yako ndiyo mgeni. Kwa `git merge main`, inayoingiza `main` kwenye tawi lako, mambo yangekuwa kinyume, kwani hapo hujatoka kwenye tawi lako.

Nyaraka rasmi zinalionya hili, lakini onyo limewekwa chini ya maelezo ya chaguo lenyewe, na mtu aliyekwama na mgongano hasomi mpaka huko. Kwa hiyo sisemi "yetu" wala "yao" popote. Nasema "upande wa HEAD" na "upande unaoletwa", maneno yanayosimama sawa kwa `merge` na kwa `rebase`, tena HEAD inaonekana pale pale kwenye alama za mgongano.

Amri ya `checkout`, ya kuhama tawi na kurudisha mafaili pia, nimeitoa kabisa kwenye mwongozo. Tangu toleo la 2.23, Agosti 2019, kuna `switch` ya kuhama tawi na `restore` ya kurudisha mafaili, na hiyo `restore` nayo inapokea `--ours` na `--theirs`. Kwa waliotoka Subversion (`svn`), mfumo mwingine wa kazi kama ya Git, nimeongeza kisanduku kifupi: `svn revert` hufuta mabadiliko ambayo hayajatumwa, `git revert` huandika komiti mpya inayotangua ya zamani. Wanaotafuta ile ya kwanza waende `git restore`.

Kilichobaki ni ufuatiliaji. Git husema faili linafuatiliwa, tawi linafuatilia tawi jingine, halafu kuna `origin/main`, ambayo ni kumbukumbu iliyo kwenye mashine yako ya mahali tawi la `main` la seva lilipokuwa mara ya mwisho ulipowasiliana na seva hiyo. Nafikiri neno "kufuatilia" nitayaachia mafaili, na matawi niyatafutie jingine. Rasimu ya kwanza inasema "tawi lililofungwa kwa", ila mwenzangu mmoja kaisoma akaelewa kwamba tawi limezuiwa.