Siku moja maishani mwangu: dawati la nyuma, mlango ukionekana

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana ya msikiti wa jirani ndiyo inayoniamsha. Chai ya rangi, mahamri mawili ya jana, na madaftari ya Gredi ya Nne niliyolala nayo kitandani bila kuyamaliza.

Saa kumi na mbili na robo. Kivukoni Likoni, Mombasa. Geti likifunguliwa watu hukimbia. Mimi hutembea, na nikiachwa basi. Ndani husimama katikati, mbali na maji. Mama yangu alikuwa mmoja wa watu 272 waliokufa feri ya Mtongwe ilipopinduka, tarehe 29 Aprili 1994. Nilikuwa Darasa la Tatu. Sitafuti pole. Nalisema kwa sababu mwaka ule kuzidisha kwa saba, nilikokuwa nikikuimba kama kasida, kulinitoka kichwani kote, na mwalimu wangu akaona ni uvivu. Dawa ya uvivu ilikuwa bakora.

Saa moja na nusu. Kabla ya gwaride naandika ubaoni ratiba ya siku nzima: vipindi, mapumziko, nani ataingia saa ngapi. Watoto wengi hawaitazami. Kombo (si jina lake) huisoma mara mbili. Ana miaka kumi, anakaa dawati la nyuma, mgongo ukutani, mlango akiuona. Mwanzo wa muhula nilimweka mbele karibu nami, nikidhani namsaidia, akawa kila dakika anageuka. Kumbe nilikuwa nimewaweka watoto arubaini nyuma ya mgongo wake. Yaliyowakuta kwao Kisauni ni yake, sitayasimulia.

Saa tatu na dakika ishirini. Hesabu. Nimekata chapati ya karatasi vipande vinne. Kombo akanyanyua mkono, jambo ambalo hutokea pengine mara moja kwa wiki, na hapo hapo upepo ukaubamiza mlango. Wenzake wakacheka. Yeye alikuwa tayari chini ya dawati, kichwa kati ya magoti, penseli bado mkononi.

Kuna sehemu ya ubongo, ndogo kama lozi, iitwayo amigdala. Ndiyo inayopiga mbiu ya hatari. Mtoto aliyeishi na hofu kwa muda mrefu, mbiu yake hulia upesi, hata kwa mlango. Moyo unakwenda mbio, kotisoli inapanda, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima na kupanga, inakosa nafasi. Kumuuliza wakati huo robo mbili ni ngapi ni sawa na kumuuliza mtu anayekimbizwa na mbwa bei ya nyanya sokoni Kongowea.

Sikumwita kwa jina. Nilichutama kando yake nikasema polepole: "Ni upepo tu, umesukuma mlango. Uko darasani, na mimi nipo." Kisha darasa zima tukafanya zoezi letu: nusa hamri moto, poza chai. Pumzi inaingia kwa pua taratibu, inatoka kwa mdomo, na ya kutoka iwe ndefu zaidi, maana hiyo ndiyo inayotuliza moyo. Mara tano. Hulifanya wote kila siku, ili lisiwe zoezi la Kombo. Alirudi kitini baada ya dakika kama nane. Robo hatukuzimaliza. Mlango nikauwekea kifuu cha nazi, jambo ambalo ningelifanya tangu kusi ilipoanza kama ningekuwa na akili.

Saa nne na nusu. Majilisi ya walimu, chai na viazi karai. Mwenzangu wa Kiswahili, mwalimu hodari mwenye sauti ya muadhini, alisema lile analolisema kila wiki: "Sisi tulichapwa na tukasoma. Nyinyi mnawadekeza." Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikakazia, lakini majilisi ina sheria zake. Nilikuwa na hoja tayari: utafiti wa Felitti na Anda wa Marekani, 1998, uliowauliza maelfu ya watu wazima kuhusu vipigo, ulevi na ugomvi waliokulia ndani yake. Zaidi ya nusu walikuwa na angalau kimoja, na kadiri vilivyozidi ndivyo maradhi ya ukubwani yalivyozidi. Nikaona hoja ya Marekani haitashinda viazi karai. Nikamwambia: "Mimi nilichapwa kwa kusahau kuzidisha kwa saba, mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Kuzidisha hakukurudi. Nilichojifunza ni kujificha chooni kipindi cha Hesabu."

Akanyamaza. Akasukuma sahani ya viazi upande wangu.

Saa saba. Githeri, kelele, zamu yangu ya foleni.

Saa tisa alasiri. Bibi yake Kombo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Amefanya nini tena?"

Nikamwambia nimemwita ajue kwamba leo mjukuu wake amenyanyua mkono. Alifunga na kufungua fundo la leso. Halafu akasema, "Usiku hulala na viatu."

Nikamwomba asimvue. Chakula saa ile ile, kulala saa ile ile, taa iachwe, na asimlazimishe kusimulia. Ila mimi ni mwalimu, na viatu vya usiku vimenizidi kimo. Nikamwandikia barua ya kumwona mshauri wa watoto hospitalini, na pembeni nikaandika 116, simu ya bure ya watoto, ya usiku na mchana.

Saa tisa na nusu. Kesho kipindi cha pili nina mkutano, kwa hiyo nilimwambia Kombo mapema nani atashika darasa.

"Yule wa sauti?"

"Yule wa sauti."

Nikamkimbilia mwenzangu getini. "Kesho ukiingia kwangu, bisha hodi kwanza."

"Mwalimu abishe hodi kwa watoto!" Akacheka, akapanda tuktuk.

Saa mbili usiku. Nimeshavuka, nimekula, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto. Simu ikalia.

"Huyo kijana ni yule wa nyuma, anayetazama mlango?"

"Ndiye."

Kimya kirefu. Kisha:

"Hodi moja au tatu?"