Kwetu wanawake walikuwa wanateleza sana

Kama hujawahi fika kule kwetu juu, upande wa Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, wacha nikuambie kuhusu matope yake. Mvua ya mwezi wa nne ikianza, gari inakuacha sokoni, boda nayo inajaribu kidogo inakataa, hiyo ingine unapanda na miguu ukishikilia migomba. Kwa hivyo kuteleza ni kitu ya kawaida na hapo ndio wanawake wa kwetu walipatia jibu. Jicho limefura? Niliteleza. Mkono umefungwa na lesso? Niliteleza nikitoka mtoni. Hata wakati wa kiangazi, ardhi imekauka mpaka imepasuka, watu walikuwa tu wanateleza.

Na hakuna mtu alikuwa anauliza. Usiku mayowe yakitoka kwa boma fulani utasikia "wachana nao, anarekebisha nyumba yake", redio inaongezwa sauti, ugali inaendelea. Kukhu, nyanya yetu, alikuwa anatupigia hadithi venye kuka, yaani babu, alimng'oa jino enzi zao, anaisimulia kama kichekesho, sisi wajukuu tunacheka, na mimi nilicheka, hiyo ndio huniuma mpaka leo.

2016 nikiwa darasa la saba, mama "aliteleza" vibaya. Tulitembea karibu masaa mawili mpaka zahanati, akaketi kwa benchi ameshikilia mbavu, nesi akamuuliza shida ni gani, akasema ameteleza. Sijui nini ilinipata. Nikasema, "Hajateleza. Baba amempiga na mpini wa jembe." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, wamama wote kwa foleni wakageuka, na walikuwa wananiangalia mimi, si mama, mimi, kama ni mimi nimekosea.

Nesi akaandika kwa daftari yake. Akasema twende polisi tuchukue fomu ya P3, ile ya kuandika majeraha ya mtu aliyepigwa, ni ya bure, halafu daktari aijaze. Hatukuenda. Mama hakuniongelesha karibu wiki mbili, na liguru, mzee wa kijiji, alikuja kwetu kunywa chai na kuniuliza ni nani amenifunza kuanika nyumba ya baba yangu nje. Kuku ikachinjwa, baba akaomba msamaha kwa wazee (kwa wazee, si kwa mama), kesi ikaisha.

Saa hii niko Kisumu nauza kwa duka, na ni huku ndio nilikuja kujua sheria ya kukinga watu na vita vya nyumbani ilikuwa imepitishwa 2015, mwaka mmoja kabla ya hiyo siku ya zahanati, na hakuna mtu alikuwa ametupandishia hiyo habari kule mlimani. Na si kupiga peke yake, kutisha mtu iko ndani, kumnyima pesa ya matumizi, kurithi mjane kwa lazima, hata wakwe kujiingiza kwa ndoa yako imetajwa, hiyo natamani kuichapisha nibandike kwa mlango wa senge wangu, dada ya baba. Tena si lazima aliyepigwa ndio aripoti, jirani akishuku anaweza. Kuna 1195, namba ya simu ya kuripoti hizo vita, kupiga ni bure, na 116 ya watoto, hiyo pia bure. Lakini netiwaki yetu ilikuwa inashika chini ya mti mmoja karibu na kanisa, na hapo ndio wanaume hupiga stori jioni, sasa jaribu kuongea.

Baba alipunguza, siwezi sema aliacha. Nadhani ile daftari ya nesi ilimtisha kuliko wazee wote pamoja.

Disemba nilienda nyumbani. Tukiwa nje tunapukuchua mahindi, bibi ya jirani, kasichana tu kameolewa juzi, akakuja kuomba chumvi mdomo umepasuka. Kukhu akauliza ni nini. Akasema aliteleza. Jua lilikuwa linachoma, vumbi kila mahali. Mama hata hakuinua kichwa kutoka kwa mahindi, aliuliza tu:

"Uliteleza kwa mkono wa nani?"