Shangazi anasali kwa kunong'ona

Leo jioni nilikuwa Nyamirambo, Kigali, kwa shangazi. Kanisa lake dogo la mabati bado limefungwa.

Kwa msioifahamu: sheria ya Rwanda ya 2018 iliwataka wachungaji wasimamizi wawe na shahada ya chuo pamoja na mafunzo ya dini. Wakapewa miaka 5. Muda ukaisha 2023, na 2024 wakaguzi walipopita, maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa.

Vyoo, usalama wa jengo, kelele: hayo naafiki kabisa. Watu wasije wakaangukiwa na paa wakisali.

Ila shahada? Mchungaji wake amezika na kufariji nusu ya mtaa ule.

Tukasali sebuleni. Shangazi alifunga dirisha kwanza, akavuta pazia. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, pale alipozoea kupiga makofi kwa nguvu, aligusanisha viganja tu, bila mlio.

Roho iliniuma mno.

"Nimeshazoea, mwanangu," akasema. "Hata nikiwa peke yangu nanong'ona."

Kwenu je? Sheria imewahi kugusa namna mnavyosali? Niandikieni, nitasoma zote.