Mkono wa Van der Sar

Juzi binti yangu, tukitazama mikwaju ya penalti, aliniuliza: "Baba, mbona kipa anaruka kabla hajajua mpira unakwenda wapi?" Nilimjibu kwamba akisubiri ajue, mpira utakuwa umeshatinga wavuni, kwa kuwa mita 11 hazimpi binadamu nafasi ya kuona kwanza ndipo aamue. Yeye aliridhika, ila mimi nilianza kuuwaza usiku wa Mei 21, 2008, kaka yangu na mimi tulipokuwa tumekodolea macho fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kutoka Moscow.

Manchester United na Chelsea walitoka sare ya 1-1, wakaingia kwenye mikwaju ya penalti; Ronaldo wa United akakosa, Terry wa Chelsea akateleza na kugonga nguzo, kisha ikawa zamu ya Nicolas Anelka wa Chelsea.

"Umeona?" kaka alisema. "Wote sita wa Chelsea wamepiga upande uleule, kushoto kwa kipa."

Nilikuwa sijaona. Hapo hapo Edwin van der Sar, kipa wa United, aliyelowa mvua, alinyoosha mkono wake wa kushoto na kumwonyesha Anelka upande huohuo, waziwazi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Anelka alikuwa amebakiwa na hatua chache tu za kuamua. Alikimbia, akapiga kulia kwa kipa, mpira ukaenda kwa kimo kisicho juu wala chini, na Van der Sar, aliyekwisha kuchupa hukohuko, akaupangua. United wakashinda 6-5 kwa penalti.

Baadaye ilifahamika kwamba mwanauchumi Ignacio Palacios-Huerta, aliyechambua penalti nyingi kwa nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi ya watu wanaoshindana, alikuwa amemshauri kocha wa Chelsea, Avram Grant, kuhusu pande ambazo Van der Sar hupenda kuchupia. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini mwanahisabati John von Neumann alikwisha kuonyesha mwaka 1928 kwamba katika shindano la namna hii mtu hujilinda kwa kuchanganya chaguo zake bila utaratibu unaosomeka, na mikwaju sita ya upande mmoja inasomeka hata na mtazamaji aliye sebuleni.

Kaka anashikilia kwamba Anelka alitishika, na kwamba angepiga kushoto angefunga. Mimi naona alibanwa kwelikweli: kushoto kulikuwa kumeshatajwa, na kulia ndiko mtu aliyetajiwa kushoto angekimbilia. Kaka hunijibu kwamba Anelka angeweza kupiga katikati, na hoja hiyo bado sijaipangua.