Bado siku tatu

Leo ni siku ya 11 tangu yai lipevuke, kwa hesabu yangu ya kalenda ya ukutani. Kipimo cha mimba kiko kwenye droo ya chini, ndani ya bahasha ya kaki aliyonifungia dada wa duka la dawa, chini ya khanga za harusi yangu. Tangu asubuhi nimeifungua droo mara mbili. Sijakigusa.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Nilipima siku ya 8, alfajiri, nimejifungia chooni na tochi ya simu, nikaukodolea macho ule mstari mmoja mpaka nikahisi naona wa pili. Baadaye nesi wa kliniki alinieleza kwa upole kwamba niliwahi mno: yai lililorutubishwa huchukua siku kama 6 hadi 12 kujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na homoni inayotafutwa na kipimo huanza kutoka hapo. Nilikuwa nimelia bure. Damu ilipokuja, nikalia upya.

Sasa matiti yananiuma. Kiuno kizito. Jana harufu ya vitunguu vya jirani ilinikera, nikasimama na mwiko mkononi nikijiuliza, ndiyo yenyewe? Lakini matiti huniuma hivi hivi kila nikikaribia siku zangu, maana homoni iitwayo projesteroni hupanda yai likishapevuka, uwe umeshika mimba au hukushika. Nalijua hilo, na bado najibonyeza kifua kila nikiingia bafuni. Kuupeleleza mwili wako mwenyewe kutwa nzima kunachosha jamani.

Jumapili wifi yangu aliniuliza tena, "Nami nitaitwa shangazi lini?" Nikacheka. Simlaumu, anatupenda. Ila usiku huo nilikaa bafuni muda mrefu.

Mume wangu hasemi kitu. Akirudi kazini anakula, anasikiliza taarifa ya habari, analala. Nikaona hana habari, na moyoni nikamkasirikia. Juzi maji yalikatika, nikabeba ndoo niende kwa jirani mwenye kisima. Tukakutana mlangoni, akanipokea ndoo. Alikwenda yeye, mara mbili, na shati lake la kazini, mkono mmoja umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Keti kwanza mke wangu."

"Kwani leo siku ya ngapi?" nikamuuliza, sijui kwa nini.

"Ya tisa," akajibu hapo hapo, huku anafunika ndoo.

Nililia palepale jikoni. Usiku nikamweleza habari za kile kipimo cha mwezi uliopita, ambacho nilikitupa bila kumwonyesha. Akasema alinisikia nikilia chooni alfajiri ile, akasimama nje ya mlango, akakosa neno la kuniambia.

Tutapima Jumamosi, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ameshabadilishana zamu na mwenzake ili awepo.