Kuweka Milinganyo ya LaTeX Ndani ya Scribus

Kwa muda mrefu nilipanga kurasa za vijitabu vya hisabati kwa Scribus, programu inayokuruhusu kusogeza picha na safu za maandishi kwa kipanya hadi zikae unapotaka, lakini kila nilipofika kwenye sehemu za hesabu (kama nusu na robo) na vipeo kazi iliharibika. Kisha niligundua fremu yake maalumu, yaani kisanduku cha ukurasani, inayopokea msimbo wa LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi na hisabati kwa kuandika amri) na kuweka matokeo ukurasani kama picha, mradi LaTeX nayo imesakinishwa kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Kinachosumbua ni fonti. Usipobadilisha ile ya kawaida ya LaTeX, yaani Computer Modern aliyoibuni mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, mlinganyo huonekana mgeni kando ya aya zako. Aya ndefu siziingizi katika fremu hiyo ya LaTeX, kwa kuwa picha haitiririki kwenda fremu inayofuata.